Mama Cheche Agoma Kuichimbia Bembea Nyuma ya Matangi

Saa mbili asubuhi, Mama Cheche anasukuma miwani ya kuchomelea hadi kwenye paji la uso na kuikagua bembea aliyoimaliza. Rangi imekauka, minyororo imekaza. Kilichobaki ni kuichimbia ardhini, na hapo ndipo amegoma.

"Niichimbie wapi? Nyuma ya matangi ya maji? Thubutu!" anasema fundi huyu, anayeishi na mjukuu wake ghorofa ya tatu katika nyumba hizi za kupanga za serikali.

Mwezi uliopita, maofisa wa nyumba waliwaita watoto uani, wakawapa chaki wachore wanapotaka kuchezea. Watoto hawakuleta mzaha. Walichora kando ya kamba za kuanikia nguo, chini ya madirisha ya jikoni. Wengi wao hucheza huku wakilea wadogo zao, na pale hakosekani mtu mzima anayeanika au kuanua.

"Nilimuuliza mjukuu wangu, mbona hamtaki kule nyuma ya matangi kwenye nafasi kubwa? Akaniambia, 'Bibi, kule mtoto akianguka nani atasikia?'"

Maofisa walipiga makofi, wakapiga picha, wakagawa biskuti. Kisha ukaja mchoro wao: bembea nyuma ya matangi, kusikotazamwa na dirisha hata moja.

Msimamizi wa nyumba haoni tatizo. "Watoto tuliwashirikisha," anasema. "Lakini ua huu wa kamba za nguo unaonekana kutoka barabarani, lazima upendeze."

Upendezee macho ya nani? Kumuuliza mtoto, kumchekea, kisha kulitupa jibu lake ni dharau tupu, na biskuti haiifuti.

Simu inaita. Ni msimamizi: bembea isipochimbiwa leo, kazi atapewa fundi mwingine.

"Mlete," Mama Cheche anajibu, na kukata.

Uani, mvua imefuta michoro ya chaki. Mjukuu wake amepiga magoti anachora upya, mtoto mchanga wa jirani akiwa mgongoni.

"Bibi, kwani walituuliza ili iweje?"

Mama Cheche anachukua sururu na kuanza kuchimba palepale penye chaki.

Matumaini yake ni kwamba maofisa wakija kukagua jioni, watakuta mtoto ameshaipanda bembea.

"Wakitaka kuing'oa, waing'oe," anasema, akifuta jasho. "Ila wamshushe kwanza, wao wenyewe, mama yake akiwaona dirishani."