Jiwe Lisilo na Wimbi

Blenda yangu humaliza kusaga karanga kabla sijamaliza kukohoa, na siipendi. Ikizimwa, jikoni huingia kimya ninachokijua tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nyumbani kwetu nje ya Nagongera. Nakiogopa mpaka leo.

Tulisaga wimbi kwa jiwe mpaka mama, aliyechoshwa na maumivu ya mgongo, alipokwenda Busia akarudi na kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono. Alikifunga kwa skrubu ukingoni mwa meza, akatangaza kwamba jiwe limestaafu. Nilicheka kwa furaha, maana msagaji wa kila asubuhi nilikuwa mimi, na uvivu sikuwa nimepungukiwa nao.

Bibi, aliyemzaa baba, alikuwa haoni tena. Aliletewa ugali, akaunusa, akausukuma pembeni.

"Unga hii inanuka chuma. Mimi siwezi kula."

Hakuwa anatania. Siku ya nne mashavu yake yalikuwa yamebonyea na mama alikuwa analia waziwazi.

Basi nikajifanya mjanja. Kila asubuhi nilipiga magoti kwenye jiwe, karibu na mlango wa Bibi ili asikie, nikasugua jiwe juu ya jiwe bila punje hata moja, mpaka mabega yakawaka moto. Mchana Bibi akaletewa ugali uleule wa kinu cha chuma, akala. Nilijiona daktari.

Kwetu jiwe halisuguliwi tupu, husemwa ni kuita njaa nyumbani. Nilijua hivyo, na bado nilisugua karibu mwezi mzima. Bibi aliendelea kula matonge mawili matatu, na aliendelea kukonda.

Asubuhi moja aliniita, akanishika mikono, akapapasa malengelenge ya viganja vyangu.

"Jiwe yako inalia tupu tangu siku ya kwanza," alisema. "Mimi nilikula juu ya huruma, nikisikia vile unahema. Lakini mjukuu wangu, si ungetia wimbi hata kidogo tu?"

Hakula tena. Alifariki wiki ileile, na mlangoni pake jiwe likabaki kimya.

Debe la wimbi lilikuwa nyuma yangu siku zote zile, limejaa. Kusaga wimbi huo kungenichosha vilevile nilivyochoka. Haikunijia akilini hata mara moja.