Taa Nyekundu Aomba Swali

Mkufunzi huyu alikuwa na sauti, hilo hatumnyimi. Sauti nzito, iliyoshiba, na mwenyewe alijua anayo. Balaa lilianzia hapo. Chuo cha ualimu kilipomfungia vyombo darasani, spika mbili ukutani, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola na kinasa sauti chenye taa nyekundu mezani, alifurahi kama mtu aliyeletewa mchumba. Kabla ya kila kipindi alijijaribu: "Moja, mbili. Moja, mbili." Kisha akarudia. Mashine haikuwa na kasoro yoyote, ila alikuwa ananogewa tu.

Sheria yake ilikuwa moja: taa nyekundu ikiwaka, asisikike mtu. Usikohoe, usiburute kiti, na swali lako kaa nalo. Mwanafunzi mmoja mgeni aliwahi kuthubutu kuuliza. Mkufunzi akasimamisha mashine, akamtazama utadhani katema mate sakafuni, akaanza mhadhara upya kuanzia salamu. Tangu siku hiyo darasa likanyooka. Na akiamka na uvivu wake, hakufundisha kabisa: aliwasha rekodi ya mwaka uliopita, spika zikafundisha, yeye akakaa pembeni anatikisa kichwa kuyakubali maneno yake mwenyewe. Somo lenyewe, msicheke jamani, lilikuwa mbinu za kumshirikisha mwanafunzi. Wanafunzi wakambatiza Taa Nyekundu.

Basi nafasi ya mkuu wa idara ikawa wazi. Taa Nyekundu aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakishuki. Alishaikosa huko nyuma, tena akapewa mtu aliyewahi kukaa darasani mwake, na aliapa kwamba safari hii hapitwi na mtu. Jopo la usaili likaja na sharti: kila mwombaji alete rekodi ya kipindi chake, isikike jinsi anavyojibu maswali ya wanafunzi.

Loo! Jasho likamtoka. Kabati zima la rekodi, na ndani yake hakuna swali hata la dawa.

Akaingia darasani meno yote nje. "Wapendwa wangu, leo ulizeni. Chochote mnachotaka, ulizeni." Akabonyeza kitufe, taa ikawaka. Darasa kimya. "Ulizeni basi! Mnaogopa nini?" Wakazidi kuinamisha vichwa. Alikuwa amewafunza vizuri, hilo nalo tumpe.

Jioni akamwendea mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa sebuleni anapinda sketi ya mteja.

"Mama watoto, niokoe. Jifanye mwanafunzi wangu, uulize maswali mawili tu. Nitakwambia uulize nini."

"Mimi niulize, na wewe unijibu?"

"Ndiyo."

"Makubwa," mkewe akasema, akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Haya, twende."

Wakajifungia chumbani na madirisha wakayafunga. Swali la kwanza mke aliliuliza vile vile alivyoelekezwa. La pili akavuta pumzi, akauliza la kwake. Taa Nyekundu hata hakushtuka. Alishajiweka mkao wa kujibu, jibu lilikuwa limemkaa kooni tangu mchana. "Swali zuri sana!" akanguruma, akalimwaga lote. Baadaye aliisikiliza rekodi tena na tena, na kila ilipofika sauti ya mkewe aliirusha mbele ili awahi kufika kwake. "Umenisaidia sana," akamwambia. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akairudia sketi yake.

Siku ya usaili jopo lilikaa chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka, na wajumbe wawili walikaa kushoto na kulia kwake. Rekodi ikaanza. Swali la kwanza lilipita vizuri, wajumbe wakaitikia kwa vichwa, na Taa Nyekundu akaanza kujiona ameshakikalia kiti. Spika ya chumba kile ilikuwa inakwaruza kidogo, basi akainama kuirekebisha ili sauti yake isije ikaharibika. Hapo sauti ya mkewe ikaingia.

"Mwalimu, sikio langu la kushoto halisikii tena. Hospitali wameniambia ndiyo basi. Nimejaribu kukueleza, lakini kila nikianza unaongea wewe. Nifanyeje ili unisikilize?"

"Swali zuri sana!" spika ikanguruma. "Nimelipenda! Na hapo ndipo tunapouona umuhimu wa kugawa wanafunzi katika makundi!"

Mjumbe mmoja kicheko kilimponyoka, akajiziba mdomo. Taa Nyekundu alirudi kitini akitabasamu; alidhani wamefurahishwa na jibu.

Mwenyekiti akasimamisha mashine. "Mwalimu, huyu dada ana tatizo gani?"

"Ah, huyo hana tatizo. Ni mdadisi sana huyo."

"Nimeuliza ana tatizo gani."

Tabasamu likaanza kumkauka. Akanyoosha mkono airudishe rekodi nyuma, mwenyekiti akaifunika mashine kwa kiganja.

"Bila mashine. Ametoka kusema sasa hivi, na sote tumo humu ndani. Amesema halisikii sikio lipi?"

Sikio? Mkewe? Mwanamke anayelala naye kitanda kimoja, ambaye yeye mwenyewe asubuhi ile ile alimfokea kwamba ana kiburi, akiitwa haitiki? Akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akitamani hata mmoja amnong'oneze.

"La kulia," akasema.

Mwenyekiti akamrudishia rekodi yake, akaomba mwombaji anayefuata aitwe.