Nilipokuwa Mtoto wa Herme

Siku ya kwanza shuleni walinipa baba. Sisemi kwa mafumbo. Mwalimu mwenye miwani, uso mkavu kabisa, alinikalisha akaniuliza maswali kwa Kiingereza: natembea haraka au polepole, mama yangu anafanya kazi gani, wiki hii nimesema uongo mara ngapi. Nikajibu: haraka, nguo za jumla, mara mbili. Akaandika, kisha akanibandika kifuani beji yenye picha ya kiatu chenye mabawa. Akaniambia mimi ni mtoto wa Herme, mungu wa wafanyabiashara na wasafiri, halafu akanionyesha meza ya ndugu zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na wiki tatu tu Guangzhou, kichwa kimevurugika tayari. Bibi aliyenilea Njombe alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, akahamia kwa mjomba, na mama akanitumia tiketi. Mama alikuwa na miaka sita hapa, kazi yake kununua nguo kwenye masoko ya Zhanqian Road na Shahe na kuzipeleka nyumbani kwa meli. Shule alielekezwa na mwenzake wa kanisani: Kiingereza kizuri, ada nafuu kwa wageni. Kuhusu miungu hakuambiwa. Mwenye shule alikuwa tajiri wa vigae aliyeipenda Ugiriki kupita kiasi, akaamua kwamba kila mtoto anayevuka geti lake ni mzao wa miungu wa Kigiriki. Na watu wote mle, kuanzia mpishi hadi mkuu wa shule, walizungumza kana kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye sensa.

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Wiki ile ile nilimwuliza dada yangu mpya wa ukoo wa Herme, msichana wa Kikongo aliyekulia hapa hapa Guangzhou, kama hawa watu wanaamini au wanacheza.

"Weye unauliza sana," akasema. "Kula, imba, c'est tout, basi."

Nikala, nikaimba. Asubuhi tulipanga mistari kwa koo, tukaweka mkono kifuani na kusema kwa sauti sisi ni watoto wa nani. Watoto wa Zeu walitembea vifua mbele. Watoto wa Athena hawakukupa daftari unakili. Kuna Mchina mmoja mpole, mtoto wa mungu wa vita, alikuwa analia akipigwa na mpira. Nilitazama haya yote nikisema moyoni, jamani, au ni mimi ndiye nisiyeelewa? Kwa sababu hakuna aliyecheka. Mahali ambapo hakuna anayecheka, mgeni hajui pa kuweka uso wake.

Kilichonishika ni hadithi zenyewe. Tulizisoma kila Jumatano, na kwenye kila moja baba hayupo. Huyu baba yake alikuja kwa umbo la ng'ombe dume, yule alikuja kama mvua, wa tatu alijifanya mume wa mtu. Mama anabaki na mimba, baba karudi mlimani kwake. Njombe mimba ya namna hiyo ina majina yake, na si ya heshima. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaacha, maana cheti changu cha kuzaliwa, penye jina la baba, pana kistari. Jina la ukoo ninalotumia ni la babu, baba yake mama. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba swali hilo haliulizwi nyumbani, kama vile mtoto anavyojua jiko ni la moto. Na sasa hapa kuna shule nzima ya watoto wasio na baba, wanaimba, wanapiga kifua, hawaoni haya. Nilichanganyikiwa, lakini pia nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonichanganya zaidi.

Ikatangazwa Siku ya Koo. Kila mwanafunzi achore mti wa ukoo wake, na mzazi aje apande jukwaani kumkabidhi mtoto kwa mungu wake. Nilichora mti wangu nyumbani sakafuni, katikati ya marobota ya jinzi. Upande wa mama nilijaza hadi kwa mama wa bibi. Upande wa baba niliandika Herme kwa kalamu ya rangi ya dhahabu, nikaurembesha.

Mama alikuja kuchukua utepe wa gundi wa kufungia marobota, akaona.

"Huyu nilimsikia kwenye mafundisho ya kipaimara," akasema. "Huyu ni sanamu. Futa."

"Haifutiki."

"Basi chana."

"Basi niambie niandike nani."

Lilinitoka tu. Sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kunijibu, tukawa tumeishi hivyo miaka kumi na minne. Hakunipiga. Alifunga robota moja, akafunga la pili, akasema siku hiyo atakuja.

Alikuja moja kwa moja kutoka Zhanqian Road, rola ya utepe bado mkononi kama bangili. Wazazi wengine walipanda, wakasema maneno yaliyoandikwa kwenye kadi, "ninamkabidhi mwanangu kwa ukoo wa fulani," wakapigiwa makofi. Zamu yetu ikafika. Mama aliitazama kadi, akaigeuza nyuma, akairudisha kwa mwenye shule, aliyekuwa akiongoza pale jukwaani. Yule mzee alidhani hajui Kiingereza, akamwuliza taratibu kwa Kichina: baba wa mtoto huyu ni nani?

Kichina cha mama ni cha sokoni. Anajua rangi, saizi, bei, na namna ya kukataa. Akachukua maikrofoni, akanishika bega kama anavyoshika robota wakati mnunuzi mwingine analivuta, akasema, "Zhege, wode." Hii, yangu. Halafu akaongeza kwamba laoban hakuna. Bosi hakuna, bosi ni yeye.

Ukumbi mzima ulicheka, wakapiga makofi mengi kuliko waliyowapigia wengine wote. Mwenye shule naye akacheka hadi akavua miwani. Kwa hiyo kumbe walikuwa wanajua kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Na haikuwa aibu tu, nilikuwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa ameulizwa mbele ya watu wote na bado hakujibu.

Kwenye treni ya chini ya ardhi nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba hata miungu ya uongo imenitambua, yeye anaficha nini. Watu waligeuka. Mama alitazama ramani ya vituo juu ya mlango, akasema. Baba yangu yupo Makambako, anauza vipuri vya pikipiki. Alikuwa na mke, na mama alijua kwamba ana mke.

"Na yeye alijua kuhusu mimi?"

"Alijua. Ulipozaliwa alileta doti ya kanga."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Namba yake alikuwa nayo muda wote. Alinipa Jumamosi, saa tisa alasiri kwetu, saa nne asubuhi kwao, akaendelea kukunja nguo kana kwamba hayupo chumbani. Nilikuwa nimeandaa maswali. Nilitaka kujua kama na yeye nyayo zake ni bapa. Nilitaka kujua kwa nini.

"Nani mwenzangu?" akauliza baba alipopokea simu.

Nikajitaja, nikamtaja mama. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inapigwa resi, ikazimika.

"Ooh. Mko wapi siku hizi?"

"China. Guangzhou."

"Kumbe." Sauti ilichangamka. "Una miaka mingapi sasa?"

Nikamwambia. Akasema nimekua. Nikavuta pumzi nianze maswali yangu, lakini yeye akawahi.

"Sasa sikiliza. Zile simu za huko zenye kamera tatu, bei gani?"

"Sijui," nikasema. "Nitauliza."

"Uliza, basi unijulishe. Haya." Akakata.

Mama hakuinua kichwa. "Anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Nimezipokea," akasema, akaendelea kukunja.

Jumatatu baada ya shule niliingia duka la simu karibu na stesheni, na beji yangu ya kiatu kifuani. Nikaonyesha ile yenye kamera tatu, nikauliza bei kwa Kichina changu cha kuungaunga. Muuzaji aliniangalia juu hadi chini, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya baba yangu. Akanitajia bei, nami nikabaki nimesimama pale, nikisubiri aniulize tena ni ya nani.