Rola ya Kijani Kwenye Friza ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilitumwa Kariakoo kununua soksi za shule, zile nyeupe ambazo kufika Jumatano zinakuwa na rangi ya maji ya mafuriko ya Jangwani. Nilikuwa nimeshazipata, nimeshabishana na muuzaji vya kutosha, sasa najiendea zangu huku nikikwepa mikokoteni, ndipo nikasikia spika: "Ondoa makunyanzi! Rudisha ujana! Mikunjo ya paji la uso, mifuko ya macho, vyote kwaheri!" Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, inajirudia yenyewe bila kuchoka, kama mwalimu wetu wa Uraia. Nikageuka ili nicheke. Juu ya meza, kwenye kitambaa chekundu, zilipangwa rola za uso, vile vifimbo vyenye jiwe la mviringo kichwani, za pinki, za bluu na za kijani. Sikucheka.

Maana ile meza, rafiki yangu, ilikuwa imewekwa palepale palipokuwa na baraza ya Bibi.

Mimi niko kidato cha nne na tayari nina "zamani". Kariakoo inakuzeesha hivyo. Unafumba macho, ukifumbua nyumba imeshakuwa ghorofa, na ukisema hapa palikuwa na mlango, watu wanakuangalia kama umetumwa na wezi. Lakini mlango ulikuwepo. Ilikuwa nyumba ya chini, korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kulikuwa na bomba, jiko la mkaa na choo chenye mlango usiofunga, ndiyo maana sote pale nyumbani tulijua kuimba. Asubuhi kabla jua halijachomoza Bibi alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, anapika vitumbua. Mimi nilikuwa wa kukuna nazi. Nilikuna nikisinzia, na kila nilipoinamisha kichwa Bibi alisema bila kugeuka, "Ukichanganya kidole chako humo usiniambie, nitauza hivyohivyo." Harufu ya iliki na tui ikipita koridoni, wapangaji walikuwa wanaamka mmojammoja kama wameitwa majina. Nje unasikia cherehani za mafundi, adhana, wabeba mizigo wanafoka "Njia! Njia!" na redio ya jirani ambayo haikuwahi kuzimwa.

Bibi alikuwa mama yake Mama. Mtoto wake mwingine alikuwa Mjomba, na Mjomba alikuwa Durban, kinyozi. Aliondoka mimi sijajua kutembea, kwa hiyo nilimjua kama kichwa kinachoongea ndani ya simu. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, alipiga simu ya video. Ijumaa kwetu ilikuwa na sura yake: pilau, udi, Bibi ameoga, amejifunga kanga doti mpya, na mimi nimepewa cheo cha kushika simu, kwa sababu Bibi mwenyewe akiishika Mjomba alikuwa anaongea na tundu la pua.

Rola ilitoka kwake. Aliituma kwa abiria mmoja aliyekuwa anarudi Bongo, imefungwa kwenye soksi. Alipopiga simu akacheka, "Mama, hiyo ndiyo tunawapitishia wateja usoni baada ya kuwanyoa. Inafukuza uzee."

"Kwani mimi nimezeeka?"

"Wewe? Wewe unanishinda mimi! Ukianza kuzeeka nistue, nifunge saluni nirudi."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nilicheka, maana nilipewa tende. Hakuna aliyejua kwamba pale umefungwa mkataba.

Mwanzoni ile rola hatukujua hata inashikwaje. Mimi nilisema ni kifimbo cha kusukumia chapati za sungura. Aliyetuokoa ni dada mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Mtwara, muuza vipodozi wa mtaa wa pili, ambaye kwa Bibi alikuwa mtoto, rafiki na mtani kwa pamoja. Alimkalisha Bibi kwenye mkeka uani, akampaka mafuta ya nazi, akaanza darasa.

"Chini kwenda juu, Bibi. Kidevuni kwenda sikioni. Hapa kwenye paji, katikati kwenda pembeni. Usikandamize, huo si unga. Na usishushe, ukishusha unajizeesha mwenyewe."

"Mwanangu, huu uso nimeuvaa kabla mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo maana umechakaa, Bibi."

Bibi alicheka mpaka rola ikaingia sikioni. Ulikuwa uso wa mpika vitumbua, rafiki yangu. Moshi ulikuwa umeuchora kwenye pembe za macho, na kicheko kikauchora mashavuni, na kulikuwa na mstari mmoja katikati ya nyusi ambao sikujua umetoka wapi mpaka nilipokua nikagundua ulikuwa unakolea kila Mjomba akisema atakuja "mwakani".

Dada mpangaji hakuwa mwongo, ingawa alikuwa muuza vipodozi. Alisema wazi, "Bibi, hili jiwe likiwa la baridi linatoa uvimbe na kukupa mng'ao kidogo. Mikunjo haiondoki. Jioni unarudi ulivyokuwa."

"Muda wa simu unanitosha," Bibi akasema.

Basi rola ikahamia kwenye friza ili iwe ya baridi. Friza yenyewe ilikuwa ya biashara, imejaa barafu za ukwaju na za ubuyu tulizowauzia watoto wa mtaani. Siku moja mtoto wa jirani akachungulia, akaiona imelala kati ya vifuko vyekundu, akalia kutwa nzima anataka "ile ya kijani". Mama yake alikuja kuuliza kwa nini tunamnyima mwanawe. Mimi nikamwambia hiyo ni ladha ya watu wazima. Nilipigwa kofi la mgongo, lakini Bibi aliinamia sinia ili nisimwone anacheka.

Kila Ijumaa, kabla ya simu, Bibi alikaa dirishani na kioo chake kidogo, akaitembeza ile rola chini kwenda juu, taratibu, anahema kwa baridi yake. Ilitoa sauti ndogo, kri, kri, kri. Halafu wanja, halafu kanga inavutwa mbele ifiche shingo, halafu ananiambia, "Nyanyua simu juu kidogo. Geukia kwenye mwanga." Na Mjomba akitokea tu, la kwanza lilikuwa lilelile: "Mama, huzeeki!" Bibi anatabasamu. Mjomba anasema, "Mwakani, Inshallah." Mstari wa katikati ya nyusi unarudi, na simu inakatika.

Dada mpangaji hakuvumilia. Mchana mmoja, wakichambua mchele, akamwambia, "Bibi, mbona unajitesa? Usijipake kitu. Mwache akuone ulivyo. Atapanda ndege kesho."

Bibi aliendelea kuchambua. "Nikimlilia atakuja. Lakini atakaa anaangalia saa. Sitaki aje kwa kunihurumia. Aje kwa kuwa amenikumbuka."

"Na asipokumbuka?"

"Huyo nimemzaa mimi," Bibi akasema, akapuliza pumba kwenye ungo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Nilikuwa darasa la sita vitumbua vilipoanza kupungua. Kwanza Bibi aliacha kupika Jumapili. Kisha nikawa namwona anapita koridoni amegusa ukuta, kama mtu anayetembea gizani, na ilikuwa mchana. Mama akampeleka hospitali, wakarudi na vidonge vya presha na neno "apumzike", ambalo kwa Bibi lilikuwa tusi. Hakulitii, ila alilisikia. Jioni ile, akiwa amelala kwenye mkeka na dada mpangaji anamkanda miguu, alisema, "Ijumaa hii sijipaki kitu. Hebu mwanangu anione."

Ijumaa ikafika. Pilau likaiva, udi ukafukizwa. Nilimletea rola kama kawaida, imeganda, inanichoma vidole. Akaniambia, "Irudishe." Hakupaka wanja. Kanga aliiacha begani, shingo wazi. Alikaa dirishani, akafunga mikono mapajani kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani, akasema, "Leo ishike usawa wa macho."

Mjomba akatokea. Nyuma yake kulikuwa na vioo na mteja mwenye povu kidevuni. Aliangalia. Bibi alimwangalia, hakutabasamu. Dada mpangaji alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama," Mjomba akasema, "hebu futeni kioo cha kamera. Naona ukungu."

Nikafuta kwa sketi yangu.

"Bado. Sogeeni kwenye mwanga."

Tulikuwa kwenye mwanga. Jua lote la Kariakoo lilikuwa kwenye uso wa Bibi.

"Hiyo simu imekufa, Mama. Haikutendei haki hata kidogo. Nakuletea nyingine, nzuri. Mwakani, Inshallah."

 Bibi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mabega, akacheka mpaka machozi yakatoka, na Mjomba naye kule akacheka bila kujua anacheka nini. "Ndiyo, baba," Bibi akasema. "Ni simu. Simu imezeeka." Akamuuliza kama anakula vizuri. Akamwambia amalize kumnyoa mteja wa watu, asimwache na povu.

Simu ilipokatika aliniambia nimletee rola. Niliitoa kwenye friza. Hakuiweka usoni. Aliishika tu kiganjani mpaka barafu ikayeyuka ikalowesha kanga.

Hakuiona Ijumaa nyingine. Aliondoka asubuhi, amekaa kwenye kigoda chake, mbele ya kikaango ambacho alikuwa amekatazwa kukikaribia. Alasiri akazikwa. Kwetu maiti haingoji ndege. Mama alimpigia Mjomba simu ya kawaida, si ya video, na nilimsikia anasema "ndiyo" mara nyingi, "ndiyo kaka, ndiyo," kama vile anakubali kosa la mtu mwingine.

Mjomba alifika tunashusha turubai na kurudisha viti vya kukodi. Kumbe alikuwa mfupi. Ndani ya simu sikuwahi kujua. Nilimwamkia, "Shikamoo Mjomba," akajibu "Marahaba," na sauti ilikuwa ileile, ila safari hii ilikuwa na mwili. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na simu mpya, bado ina plastiki.

Usiniulize kuhusu makaburini, sikwenda. Nitakwambia kuhusu friza. Alikwenda kutafuta maji ya kunywa, akafungua, akasimama pale mlango ukiwa wazi mpaka moshi wa baridi ukamfunika tumbo. Nikasogea. Alikuwa anaiangalia rola, imelala kati ya barafu za ukwaju ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziuza.

"Alikuwa anaitumia kweli?" akauliza. "Mimi niliituma kwa utani."

"Kila Ijumaa, Mjomba. Kabla hujapiga."

"Kila Ijumaa?"

"Isipokuwa ile ya mwisho."

Nilikuwa mtoto mwenye majibu ya haraka, walimu wanalijua hilo mpaka leo. Lakini siku ile nilisema tu kilichokuwa kweli, na nilimwona akirudi nyuma kwenye ile Ijumaa, kwenye ukungu, kwenye "sogeeni kwenye mwanga". Alifika. Akakaa chini palepale kwenye sakafu ya uani. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia na kwa safari. Dada mpangaji alikuja, akaichukua rola akaifuta kwa upindo wa kanga, akaanza kuipitisha chini ya macho ya Mjomba kama vile ni mteja. Kri, kri, kri. Chini kwenda juu. Yeye kinyozi, aliyezipapasa nyuso za watu wote wa Durban, aliinua kidevu.

Simu mpya alimwachia Mama. Picha zake ni safi sana, unahesabu hata nyusi. Nyumba ikauzwa baadaye na ndugu waliokuwa wengi kuliko vyumba. Dada mpangaji alirudi Mtwara. Friza ilichukuliwa, sijui na nani, na rola pia sijui ilipotelea kwenye mzigo gani. Nimeitafuta. Sasa pale kuna ghorofa lenye maduka ya mapazia, na chini yake, kwenye kivuli, meza yenye kitambaa chekundu.

"Sista, jaribu bure," muuzaji akaniambia Jumamosi, na kabla sijajibu akanipitishia rola ya kijani shavuni. Ilikuwa ya moto, imekaa juani tangu asubuhi. "Unaona? Ukianza mapema utabaki hivyohivyo."

Rafiki yangu, unanijua. Ningeweza kumjibu kitu akafunga meza akahama mtaa. Nilimwambia tu, "Kaka, hiyo huwa inawekwa kwenye friza," nikaondoka na soksi zangu.

Nyumbani Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka akaona aibu.

"Nini? Nina unga usoni?"

"Hapana. Hebu geukia kwenye mwanga."

Akageuka, anacheka, ungo mkononi. Kwenye pembe za macho kulikuwa na mistari ambayo mwaka jana haikuwepo. Na katikati ya nyusi kulikuwa na mmoja, mwembamba, palepale ulipokuwa wa Bibi.

"Umezeeka, Mama," nikamwambia.

"Mshenzi wewe," akasema, akanirushia punje za mchele. Sikuzikwepa.