King'ora Kilichojengwa Bila Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini niliketishwa mbele ya mashine ya kutoboa kadi, katika ofisi ya hesabu ya kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kila kadi ilibeba uzito wa shehena moja ya miwa, na uzito huo uliandikwa kwa matundu. Mimi nilitoboa. Mwenzangu, Ramatoa Justine, alizitia kadi zangu kwenye mashine ya pili akapiga upya namba zile zile, na pale alipopiga tofauti na mimi mashine yake iligoma. Niliona ninadharauliwa. Mkuu wa Ofisi, mzee wa Kimalagasi aliyevaa tai hata siku za joto kali, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu, "Hakuhakiki wewe, mwanangu. Anahakiki kadi."

Nawaandikia ninyi wajukuu zangu wa Tanga, kwa Kiswahili nilichojifunza nikija kuwatembelea, kwa hiyo msinicheke. Nyumbani tulizungumza Kikomoro, sokoni Kimalagasi, kazini Kifaransa. Familia yetu ilikuwa imehamia Nosy Be kutoka Mahajanga baada ya zile fujo za kuwashambulia Wakomoro, zilizowaondoa wengi wetu mjini, na tangu hapo sikuwahi kuketi mahali bila kwanza kuangalia mlango uko wapi. Tabia hiyo niliingia nayo kazini, na kazini ikaota mizizi.

Kadi zikaisha, zikaja kompyuta. Nikafundishwa, nikafundisha wengine, nikachoka na kisiwa. Katika miaka ya tisini nilirudi Mahajanga na mume wangu, tukapanga nyumba mtaa wa Mangarivotra, karibu na dada yake, Zalifa. Nikaajiriwa na kampuni ya kugandisha kamba wa baharini kwa ajili ya kuuza nje. Zalifa alikuwa msimamizi wa wanawake waliowamenya kamba hao katika ukumbi wa baridi.

Mkubwa wangu hapo alikuwa Mkuu wa Mitambo ya Kompyuta. Sote tulimwita Shefu. Alikuwa amesoma Antananarivo, mtu makini, asiyepandisha sauti. Yeye ndiye aliyenifundisha Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na baadaye ndugu zake Unix waliopatikana bure. Siku hizo programu nyingi hazikuja zikiwa tayari. Zilikuja kama msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe jinsi mtungaji alivyoyaandika, na ilikuwa juu yetu kuijenga programu kwenye mashine yetu. Kwanza unaendesha hati ndogo inayoikagua mashine: je, kuna kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa kitu cha kuendeshwa? Je, zipo maktaba, yaani vipande vya programu ambavyo programu nyingine huviazima? Kisha unajenga, kisha unasimika. Mistari inapanda kwenye skrini kama maji yanayofurika, na mwisho skrini inatulia, inakusubiri.

Utulivu ule haukunituliza kamwe.

Ukumbi wa baridi ulipozwa kwa amonia. Ni gesi kali. Ikivuja huchoma macho na mapafu. Kwa hiyo darini kulikuwa na vihisio vya kuinusa, na kompyuta moja ilivisoma na kupiga king'ora. Kompyuta hiyo ilipozeeka, Shefu alileta mpya, akaijenga upya ile programu ya ulinzi kutoka kwenye msimbo chanzo uliokuja kwenye CD. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Imekataa kitu?" nikamwuliza.

"Haijakataa. Imefika mwisho bila kosa."

"Na majaribio?"

Programu nzuri huja na majaribio yake yenyewe, unayaendesha kwa amri moja. Akayaendesha mbele yangu. Yote yakapita.

"Umeridhika, Mama Faridi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia tuloweshe kitambaa kwa amonia, tukiweke chini ya kihisio, tusikie kwa masikio yetu.

"Jumapili," akasema, "ukumbi ukiwa mtupu. Nikiwatoa wafanyakazi sasa, mzigo utaharibika, na Mkurugenzi atataka kujua sababu. Nimwambie nini? Kwamba Mama Faridi hana raha?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akacheka, si kwa ubaya. Ningekuwa yeye, labda ningesema vile vile. Kompyuta ya zamani ikachomolewa.

Jumapili haikutusubiri. Ijumaa alasiri, wanaume wengi wakiwa wamerudi kutoka msikitini, nilisikia kelele uani. Wanawake walikuwa wanatoka ukumbini mbio, vilemba vimefunika pua, wengine wanatapika. Niliangalia juu kwenye king'ora. Kilikuwa kimya. Nikakimbilia chumba cha kompyuta, na pale kwenye skrini nikaona mstari umegeuka mwekundu, namba inapanda. Programu ilikuwa imeinusa gesi. Ilijua kila kitu, na ilikuwa inajiandikia yenyewe.

Zalifa ndiye aliyewatoa wenzake. Aliisikia harufu, akapiga makofi na kuwafokea waache visu, akawasukuma mlangoni. Alipoona mmoja ameteleza karibu na mizani, akarudi ndani. Mwanamke yule alitoka mzima. Zalifa alibebwa.

Hakufa. Ila mapafu yake hayakurudi kama zamani, na sauti yake, iliyokuwa ikisikika uchochoro mzima, ikabaki kama ya mtu anayesema siri.

Mafundi walipofunga valvu, mimi na Shefu tulikaa tukasoma kumbukumbu ya ujenzi, mistari yote iliyotupita ikipanda. Natafuta hiki, kipo. Natafuta kile, kipo. Katikati yake: natafuta maktaba ya kadi ya king'ora (kibao cha ndani ya kompyuta kinachokipigisha), haipo. Na mstari uliofuata unaendelea kama kawaida. Mtungaji alikuwa ameiandika kwa wema: asiye na king'ora asinyimwe sehemu iliyobaki. Basi programu ikajengwa bila kipande cha kupiga king'ora, na majaribio ya kipande hicho yakarukwa, kwa kuwa hakikuwepo cha kujaribiwa.

Shefu alivua miwani. "Tuliiuliza kama imemaliza," akasema. "Hatukuiuliza imemaliza nini."

Zalifa aliporudi kutoka hospitali, ukumbi ukiwa bado umefungwa, Shefu alikuja Mangarivotra. Aliketi mkekani akamweleza yote kwa Kimalagasi, bila kuficha na bila kuzungusha. Mimi nilikuwa sijui niangalie wapi.

"Kwa hiyo ile mashine ilijua?" Zalifa akanong'ona.

"Ilijua, dada."

"Na ikanyamaza."

"Ndiyo."

Zalifa akaegemea ukuta, akasema, "Wenzangu wanaingia kesho. Mmekuja kukaa hapa kwa nini? Nendeni mkaitie sauti."

Tulikwenda. Tulisimika maktaba, tukajenga upya, tukasoma kila mstari kwa zamu, Shefu mmoja, mimi mmoja, na kabla wanawake hawajaingia tulikiweka kitambaa chenye amonia chini ya kila kihisio, na kila mara king'ora kikalia. Kuanzia hapo hatukuichomoa mashine ya zamani mpaka mpya ithibitike, na hatukufuta kumbukumbu ya ujenzi.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama kujenga kutoka kwenye msimbo chanzo ni salama zaidi kuliko vifurushi vya siku hizi, yaani programu zilizokwisha kujengwa, vinavyojisimika kwa amri moja. Huwaambia kwamba msimbo chanzo ulitupa haki ya kuangalia, nasi tukadhani haki hiyo ni sawa na kuwa tumeangalia. Kifurushi nacho kimejengwa na mtu fulani, mahali fulani, na mistari yake ilimpita pia.

Juzi kampuni ilibadilisha mfumo wa king'ora tena. Mhandisi mpya, Hanitra, alinialika nione. Amri moja, alama za kijani, kwisha. "Nenda ukapumzike, Mama," akasema. "Kila kitu kiko sawa." Nilikwenda. Nilipika, sikuweza kula. Nikafunika sufuria, nikapanda bajaji, nikarudi huku nikitunga maneno ya kumwambia bila kumvunjia heshima.

Nilimkuta juu ya ngazi katika ukumbi mtupu, kinyago usoni, ameshika fimbo yenye kitambaa kilicholowa amonia. Aliponiona alivuta kinyago kidogo.

"Nilifika getini," akasema, "nikashindwa kwenda nyumbani."

Nikamwomba kinyago cha pili, nikamshikia ngazi.