Kamba Aliyoishika Baba

Kila kiangazi hapa Burnsville, Marekani, mafundi huziba mashimo ya barabara kwa lami ya moto, na kila kiangazi mimi hufunga vioo vya gari hata kama kiyoyozi kimekufa. Wanangu hulalamika kwamba ninawachemsha. Waacheni walalamike. Harufu ile ikishaniingia puani siioni tena barabara. Namwona punda mdogo wa kijivu amelazwa ubavu, baba yangu ameshika kamba, na damu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi Champlin, jirani na mto, katika nyumba ambayo Baba aliipenda kuliko sisi wengine tulivyoipenda. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kondoa. Alivaa koti zito la Mama hata mwezi wa Juni, akapanda kunde nyuma ya nyumba, kisha akaanzisha vita na sungura waliokuja kuzila. Mimi aliniita mke mwenzake. Kiswahili nilikielewa chote, ila ulimi ulikuwa mvivu, nikawa namjibu kwa Kiingereza. Naye akawa ananijibu kwa Kirangi, lugha ya kwao, ili tuwe sawa. Tulielewana vizuri sana.

Baba yangu anaitwa Iddi, lakini Bibi hakulitaja jina hilo. Tangu nizaliwe mimi alimwita Baba Salma, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto aliyekwisha kuwa mzazi. Jina la Iddi nililisikia tu kwa wenzake wa kazini, huko ofisini Saint Paul.

Mmoja wa wenzake hao alikuwa Earl, Mzungu mkubwa, mwekundu wa shingo, mwenye shamba kaskazini ya kwetu. Earl alizalisha nyumbu. Sisemi wale wa Serengeti. Nasema nyumbu wa kubeba mizigo, ambaye baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Jumamosi moja alitualika, na Baba akakubali upesi, maana Baba hakujua kumkatalia Mzungu jambo lolote. Simsemi kwa ubaya. Ugenini ulimfundisha hivyo.

Earl alituonyesha dume lake la punda, jeusi, refu, lililonunuliwa jimbo la mbali, na farasi majike waliosubiri kulipokea. Mimi nilimpenda mwingine, yule mdogo wa kijivu, aliyenifuata kwenye uzio akanilamba chumvi ya viazi vya kukaanga kiganjani. Bibi naye alimpenda. Alimkuna nyuma ya masikio na kumsemesha Kirangi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani nilimwona amevua koti.

Tulipomaliza kula, Earl akaleta kamba. Yule mdogo, alisema, alikuwa ameanza kuwavamia farasi, na akiwapanda watazaa nyumbu vibete. Ilibidi ahasiwe. Wengine humwita daktari wa mifugo, lakini yeye alifanya mwenyewe kama alivyofanya babu yake, na alihitaji mtu wa kushika kamba ya miguu. Baba akakunja mikono ya shati. Kisha, kwa adabu, akamgeukia mama yake amfasirie.

“Anasema huyu mdogo anaharibu mbegu, Mama. Anataka wazaliwe wakubwa tu.”

 Bibi alirudi nyuma hadi kwenye uzio, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua.

Walimwangusha punda kwa kishindo nilichokisikia kwenye nyayo. Earl akamtia kitanzi cha kamba kwenye mdomo wa juu, akakisokota kwa kijiti mpaka mdomo ukageuka mweupe. Kopo la lami ya kupaka kidondani lilikuwa linatokota kwenye jiko la gesi. Baba alikaa chini, visigino vimechimba udongo, akavuta kamba ya miguu ya nyuma kwa nguvu zake zote. Kisu kiliposhuka, punda hakulia kama punda. Alilia kama mtu, na mimi nikaziba masikio.

Ndipo Bibi akaitoa kamba iliyotundikwa kwenye uzio, kamba nene yenye kulabu ya chuma mwishoni. Nilidhani anakwenda kwa mwenye kisu. Akampita Earl.

“Iddi,” alisema. “Iddi, achia.”

Akamchapa Baba mgongoni. Baba akageuka, macho yamemtoka, na kamba bado imo mikononi. Pigo la pili likampata usoni, kulabu ikamchana kutoka chini ya jicho hadi pembeni mwa mdomo. Hapo akaachia. Punda akarusha miguu, teke moja likaingia kwenye paja la Earl, na nikasikia mfupa ukivunjika. Kopo la lami likapinduka. Punda akainuka na kukimbia, damu ikimtiririka mapajani, na Bibi aliendelea kumchapa mwanawe kichwani, mabegani, kwenye mikono aliyoinua kujikinga. Mimi nilikuwa nikipiga kelele kwa Kiingereza kwamba anamuua. Ilibidi Mama amkumbatie kwa nyuma na kuanguka naye chini.

Mke wa Earl alitoka na simu mkononi kuwaita polisi. Baba, damu ikimwingia mdomoni, alimsihi asiwaite. Nampa Earl haki yake. Akiwa amelala pale, amekauka kwa maumivu, alimwambia mkewe aite gari la wagonjwa tu. Hospitalini Baba alisema amepigwa teke na punda. Wakamshona.

Nyumbani akawa hasemi na mama yake. Alimpita sebuleni kama anavyopita kiti. Alimwambia Mama kwamba atabadilisha tiketi, Bibi aondoke wiki hiyo hiyo, na kama ana maradhi ya akili akatibiwe na watu wake. Mama akamwomba asubiri walau uso upone. Hakutaka. Mimi nilikuwa na hasira na Bibi kuliko yeyote, lakini nilipolisikia neno la tiketi nililia. Hata kwa akili yangu ya utoto niliona kwamba akiondoka vile, hao wawili hawatasemeshana tena mpaka mmoja afe.

Bibi alikuja kueleza alasiri moja, akimenya kunde na Mama. Nyumba za huku jiko halina mlango, na Baba alikuwa amekaa sebuleni na bandeji yake, amewapa mgongo. Bibi alizungumza na kunde.

Alipokuwa msichana mdogo, alisema, serikali ya Waingereza ilitaka nyumbu wa kubeba mizigo ya jeshi. Ikaleta dume kubwa la punda kutoka ng’ambo, na farasi majike, ikawajengea banda la bati wakati msikiti wa kijiji ulikuwa wa udongo. Wakalishwa mahindi katika mwaka wa njaa. Punda majike wa watu wakaamriwa kupelekwa bandani kupandwa na dume hilo ili kizazi kiboreke. Madume ya wenyeji yalitakiwa yahasiwe yote. Bwana Mifugo, Mzungu wa serikali, alisema kwa Kiingereza, na mkalimani akasimama barazani akafasiri: madume yenu yanaharibu mbegu.

Aliajiriwa kijana mwenye nguvu wa kushika kamba. Huyo alikuwa kaka yake Bibi, Iddi. Kijiji kikanuka lami. Punda wengine walioza vidonda wakafa wamesimama. Baba yao akalificha dume lake korongoni, lakini punda hajui kujificha. Alfajiri likalia, na wakaja.

Jumbe akamhukumu baba yao viboko, palepale barazani, mbele ya watu. Askari walikuwa wachache. Bwana Mifugo akamwonyesha Iddi kidole, kwamba yule anajua kushika, basi ashike miguu. Akaambiwa akikataa atalazwa yeye juu ya baba yake.

“Mimi nilikuwa nimesimama karibu,” Bibi alisema. “Nilimwambia, Iddi, achia. Baba yetu yupo kifudifudi, nyama ya mgongo imefunguka, akamwambia, shika, mwanangu. Shika vizuri nisijitikise. Akashika mpaka wakamaliza.”

Baba yao hakutembea hadi mvua ziliponyesha. Farasi wote walikufa kwa ugonjwa kabla ya mwaka kwisha, na dume la ng’ambo likafuata. Likabaki banda la bati. Punda majike wakazeeka bila kuzaa, na wanawake wakarudi kubeba maji kichwani. Iddi akaenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na kufia huko. Kabla hajaondoka, alisema Bibi, mtu akimpa mkono wa salamu, yeye alificha mikono yake nyuma.

Baba aliinuka. Alisimama pale ambapo mlango ungekuwepo.

“Kwa nini basi ukanipa jina lake?”

“Nipe mikono,” Bibi alisema.

Baba akakaa mbele yake sakafuni, mtu mzima mwenye nyuzi usoni. Viganja vyake vilikuwa vimechunika kwa kamba, ngozi imekunjamana. Bibi akachukua samli aliyokuja nayo kutoka Kondoa akaanza kumpaka, kidole baada ya kidole, polepole, kama anamwogesha mtoto. Uso hakuugusa wala hakuutazama. Mimi niliudhika. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba kidonda kiko usoni, yeye anahangaika na michubuko. Hakunisikia.

“Uliachia,” alimwambia. “Nilikwambia achia, ukaachia.”

Baba akaweka kichwa magotini pake na kulia kwa sauti. Tiketi haikubadilishwa.

Yule punda alihasiwa baadaye na daktari wa mifugo, kwa sindano ya usingizi, na Earl akapata nyumbu wake warefu. Bibi alirudi Kondoa wakati wake ulipofika na sasa ni marehemu. Baba ana kovu hadi leo, na watu wakimwuliza bado anamsingizia punda.

Mimi nilibaki na kinyongo cha mtoto miaka mingi, kwamba Bibi alimchana mwanawe uso kisha akatibu viganja. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima, nikiwa kwenye foleni ya magari, lami ikitokota mbele yangu na vioo nimesahau kuvifunga. Bibi aliyaona majeraha yote mawili. Uso ulikuwa wa mwanawe, na ungepona. Mikono ile ilikuwa ya kaka yake, na alikuwa amengoja tangu siku ile barazani apate kuishika.