Shuka Nane na Mawingu

Asubuhi hizi, nyumbani kwa bibi hakusikiki tena mlio wa shuka ikikung'utwa. Kwa miaka miwili mlio huo ndio uliotuamsha: pa, pa, kisha kimya kifupi shangazi akitafuta vibanio, kisha pa nyingine. Sasa kuna jogoo wa jirani tu, naye hana mpangilio.

Shangazi, mdogo wake baba, alifanya kazi miaka kumi na mmoja ng'ambo, katika chumba cha dobi cha hoteli moja, kwenye nchi ya pwani ambako, kwa maelezo yake, jua lilikuwa mfanyakazi mwenzao, tena asiyechelewa. Alirudi kwa sababu moja. Bibi aliteleza bafuni akavunjika mguu, na hakukuwa na mwingine wa kumwinua: baba ana mgongo mbovu, na mimi ni mwalimu, kutwa niko shuleni. Shangazi alifunga sanduku akaja. Hakulalamika hata siku moja. Lakini moyo wake, na hili sote tuliliona, aliuacha umeanikwa kule.

Kila jioni alimkanda bibi mguu kwa mafuta huku akisimulia. Alisimulia paa bapa la hoteli lenye kamba ishirini, na bahari ikichungulia katikati ya shuka mbili utadhani ni shuka ya tatu. Alisimulia upepo uliowaachia chumvi midomoni, hata mkate mkavu wa saa nne ukawa na ladha. Zaidi ya yote alisimulia habari za Mrefu, mwanamke aliyekunja naye shuka. Siku ya kwanza hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Kila mmoja alishika pembe mbili, wakavuta, wakasogeleana; pembe zilipokutana Mrefu akazipokea, shangazi akainama kuchukua mkunjo wa chini. Hatua nne kwenda, nne kurudi.

"Tulifahamiana miguu kwanza," alisema. "Majina yalikuja wiki ya pili."

"Na mmoja wenu akipiga chafya?" bibi aliuliza.

"Tunaanza upya, mama. Shuka ya hoteli haitaki mzaha."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho, akaomba asimuliwe tena ile ya mgeni aliyesahau meno yake ndani ya foronya.

Shida ni kwamba mji wetu uko milimani. Huku mawingu hushuka hadi madirishani, na nguo tunazianika kwa matumaini. Kule shuka hukauka kabla chai haijapoa. Tofauti hiyo shangazi aliijua kichwani. Mikono yake haikuijua. Siku wakwe wa dada yangu walipokuja kulala kwetu, ilipofika saa nne asubuhi alikuwa amekwisha vua vitanda vyote, amefua shuka zote nane tulizokuwa nazo, na kuzianika uani kwa mstari ulionyooka kama rula. Mawingu yakaja yakaketi juu yake. Saa kumi na moja wakwe walipobisha hodi, shuka zilikuwa bado zinachuruzika.

Baba alimvuta jikoni. "Mdogo wangu, hawa watu watalalia nini? Magazeti?"

"Nilijua zitakauka ndani ya dakika ishirini."

"Dakika ishirini za wapi?"

Kicheko kikamshinda shangazi, na baba naye akashindwa kununa. Wakwe walilalia vitambaa vya meza na mapazia ya sebuleni. Asubuhi mama mkwe alisema hajawahi kulala katikati ya maua makubwa kiasi kile.

Walipokwisha ondoka, shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba Mrefu alikuwa amepiga simu. Msimamizi wa dobi anastaafu. Nafasi yake ni ya shangazi akiitaka, ila jibu lifike kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mama hafiki hata mlangoni bila fimbo," baba alisema. "Ukiondoka, atabaki na nani?"

"Ndiyo maana sijajibu, kaka."

Alimenya kitunguu kimoja muda mrefu kuliko kitunguu kinavyohitaji. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi.

Shuka zilikauka siku ya tatu, Jumamosi. Shangazi alikuwa akizikunja peke yake sebuleni, pembe moja kaibana kwa kidevu, nami nasahihisha madaftari mezani. Bibi akatoka chumbani. Akaitundika fimbo yake kwenye mgongo wa kiti, akanyoosha mikono.

"Nipe pembe zangu."

"Mama, kaa."

"Nimekaa miaka miwili. Kwani huyo Mrefu wako alizaliwa anajua?"

Shangazi aliitazama fimbo, akaitazama miguu ya mama yake, akampa pembe. Wakavuta. Bibi alipiga hatua ya kwanza kama mtu anayepima kina cha maji, kisha ya pili. Ya tatu ikayumba, nikainuka.

"Keti, mume wangu," aliniambia bila kugeuka. "Hujaitwa."

Ya nne, pembe zikakutana. Shangazi alizishika pamoja na vidole vya bibi, hakuviachia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Ukienda sokoni, mimi nazunguka kitanda."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nimepona, jioni ungenisimulia nini, na ungenikanda kwa sababu gani? Nilikuwa napenda." Kisha bibi akauvuta mkono wake. "Haya, shuka inatungoja."

Walikunja zote nane. Ya tano ilienda upande. Shangazi akasema haifai, wakaianza upya, na bibi akanung'unika kwamba ameajiriwa bila kuulizwa. Baba alirudi jioni akamkuta mama yake amesimama jikoni anakoroga chungu, mikono yote miwili ikiwa na kazi.

"Mpigie simu huyo Mrefu," alimwambia dada yake hatimaye, "kabla mama hajaiomba hiyo nafasi yeye."

Sasa shangazi ni msimamizi wa dobi katika hoteli ileile. Anaishi ghorofa ya tatu, mlango wake unatazamana na wa Mrefu.